Mjukuu Aliyekiri Kilioni

Ninyi vijana mnaopima kwa macho vyumba vya nyumba ya baba yenu, huku baba mwenyewe ameketi hapo mlangoni anakunywa chai yake, njoni mkae kidogo. Maisha yangu yote ya kazi nimewaandika watu wa namna yenu. Nilikuwa grefie, yaani karani wa mahakama, hapa Likasi. Ni yule anayeketi chini ya hakimu, anaita watu, anaandika wanayosema, na kutafsiri pale Kifaransa cha mezani na Kiswahili cha benchi vinapokataa kusalimiana. Nimestaafu, lakini sokoni Kikula bado wananiita Mama Grefie, na wauza dagaa wananiongezea kidogo juu ya kipimo wakidhani bado ninaweza kuwafunga. Sijawasahihisha.

Nimeona kesi za kila aina. Mwizi akisimama mbele ya hakimu anainamisha kichwa. Mrithi hainamishi. Anakuja na suti ya kuazima, anatazama kuta za mahakama kana kwamba nazo alizijenga marehemu.

Nianze na aibu yangu, ili msidhani nilizaliwa ninajua. Kesi ya urithi huitwa kwa jina la marehemu. Mimi, mgeni wa kazi, nilitumwa mlangoni kuita, nikavuta pumzi na kutoa sauti yangu ya kwaya: “Ilunga Banza!” Nikaita tena, safari hii kwa hasira, maana nilidhani huyo Ilunga ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke. Basi mtu mmoja aliyekuja kwa ajili ya ugomvi wa mbuzi, na ambaye wazazi wake walimpa jina hilohilo, akasimama kule nyuma: “Présent!” Mjane wa marehemu akaanguka chini. Shemeji zake hawakuanguka. Wao walianza kutafuta mlango, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuuza mabati ya nyumba.

Aliyenifundisha kazi, mzee Tata Mwepu, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. “Mama,” akaniambia, “mufu hatumuitake. Tunaitaka bale banakuya kumukula.”

Huyo Tata Mwepu alikuwa chuo kikuu changu. Alinifundisha kufunga kalamu kwa uzi kwenye mguu wa meza, kwa sababu mawakili wana mikono inayosahau. Alinifundisha kwamba mjane akilia, usimwambie anyamaze. Mpe maji kwenye kikombe kilichojaa hadi ukingoni, atahangaika yasimwagike na machozi yatakoma yenyewe. Alinifundisha pia kwamba mrithi akisema, “Mi sitaki kintu, nataka haki tu,” nitafute karatasi za ziada na nile vizuri kabla, maana kikao kitakuwa kirefu. Zaidi ya yote aliniambia niandike kile mtu alichosema, nisiandike kile nilichoelewa. Hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu kulizoea, kwa sababu mimi ni mwepesi wa kuelewa, hata mambo ambayo hayajasemwa.

Siku zile tulipiga mashine ya taipu, na karatasi nyeusi ya kunakili katikati. Ukikosea jina la mrithi mmoja, umekosea kwenye nakala zote, na mikono yako inakuwa myeusi kama ya muuza makaa. Mtu akitaka kuleta uongo mahakamani ilikuwa kazi: atafute shahidi, amlishe bukari, ugali wetu, siku kadhaa, amfundishe maneno, kisha aombe Mungu asije akalewa asubuhi ya kikao. Leo uongo unakuja ndani ya simu, umelala mfukoni, wala hauli. Na nisiwadanganye, wakati mwingine kilichomo kwenye simu ni kweli tupu, kila neno limesemwa na aliyelisema anaonekana uso. Ndicho kilichotupata kwenye kesi ya Deo.

Kabla ya Deo, mjue kwanza sheria. Kitabu chetu cha sheria ya familia kinasema jambo ambalo hata bibi yako asiyejua kusoma angelisema: huwezi kumuua mtu kisha ukamrithi. Mtu huyo Kifaransa kinamwita indigne, yaani asiyestahili. Lakini sheria imeweka hapo neno moja dogo, nalo ni kwamba awe amehukumiwa. Haitoshi kushukiwa. Haitoshi shangazi kuota ndoto au nabii kumnyooshea kidole. Neno hilo limeokoa watu wengi, kwa sababu hapa kwetu mzee hafi kwa uzee. Mzee anaweza kuwa hana jino hata moja, macho hayaoni, wenzake wote wamezikwa na miti imeota juu yao. Siku akifa, familia inakaa chini na kuulizana: ni nani?

Muzee Kabange alikuwa mzee wa namna hiyo. Alijenga nyumba yake mwenyewe Kikula, tofali kwa tofali, na kando yake vyumba viwili vidogo. Alizaa wana wawili. Wa kwanza alikufa zamani, akaacha mtoto mmoja, ndiye Deo. Wa pili, Papa Anselme, anaishi Lubumbashi, ana kazi nzuri na gari, na amepata kanisa jipya linalokataza karibu kila kitu isipokuwa sadaka. Deo alibaki kwa babu. Alioa, akapata mtoto, wote wakakaa katika vile vyumba viwili. Anachimba madini Kamatanda, anaondoka asubuhi akiwa mweusi anarudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi.

Kwa sheria, mwana akifa kabla ya baba yake, mtoto wake anasimama mahali pake wakati wa kugawa. Basi parsele ile ya Kikula, yaani kiwanja na vilivyojengwa juu yake, ilikuwa ya watu wawili, Papa Anselme na Deo, na mjane, Mama Felisite, akabaki ndani na haki yake ya kukaa mpaka mwisho wa maisha yake. Hesabu rahisi. Hata mimi ningeimaliza kabla ya chai.

Moyo wa Muzee Kabange ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Deo ndiye aliyemwogesha kabla ya kwenda mgodini na kumgeuza kitandani aliporudi. Papa Anselme alikuwa anaomba kwa simu. Nasema hivyo bila kejeli, majirani wote walisikia: simu inawekwa kifuani kwa mzee, spika inafunguliwa, na Papa Anselme kutoka Lubumbashi anafukuza pepo kwa sauti kubwa mpaka kredi inaisha kabla ya amina. Mara nyingi pepo alibaki njiani, na mzee akauliza, “Amemaliza?”

Kisha mzee akafa, watu wakakaa kilio.

Hapa lazima niwaeleze, maana wengine wenu mmekulia penye vigae na televisheni. Kwetu, mjukuu na babu wanataniana maisha yote, na utani huo haukomi kwa kifo. Kifo ndicho kinachouwasha. Wajukuu wanaingia kilioni wamevaa nguo za marehemu, wanaiga anavyotembea na anavyokohoa, wanazuia jeneza lisitoke mpaka wapewe chochote. Wanamwita mjane bibi yao, yaani mke wao. Wanajigamba kwamba wao ndio waliomuua. Kazi hiyo wanaiita bujukulu, na ni kazi kweli, kama ile ya wanaochimba kaburi. Watu wamelia siku nzima, vifua vimekaza, hawali. Mjukuu anawachekesha kwa nguvu ili pumzi irudi. Na mtoto wa marehemu haruhusiwi kukasirika. Akikasirika ni yeye anayepata aibu.

Deo alifanya bujukulu yake vizuri kuliko wote niliowahi kusikia, nami nimekaa vilio vingi. Alivaa koti la mzee, kofia ya mzee na zile buti kubwa za kazini. Akaingia anakokota miguu, akakohoa kile kikohozi chenyewe, akaenda kuketi kwenye mkeka bega kwa bega na Mama Felisite. Akatangaza:

“Mi njo niliuwa huyu muzee! Nilimulomba anipatie bibi yangu, akakatala. Nikamwambia: muzee, basi ukufwe. Akakufwa! Sasa bibi ni yangu, kofia ni yangu, parsele ni yangu. Muko na neno?”

Kilio chote kikaanguka kwa kicheko. Papa Anselme, aliyekuwa amefika kwa ajili ya mazishi, alishika simu yake na kupiga video.

Baada ya mazishi alirudi nayo Lubumbashi. Kule sijui walimwambia nini, sijui aliitazama mara ngapi akiwa peke yake, na sijui ni lini ile parsele ilianza kuonekana ndogo kwa watu wawili. Ninachojua ni kwamba alirudi Likasi na wakili, akaionyesha video kwa polisi: huyu hapa muuaji wa baba yangu, anakiri mwenyewe. Aliyepokea mashtaka hakuwa mtu wa hapa, hakujua bujukulu. Deo alikamatwa akitoka Kamatanda, bado na vumbi, akapelekwa gereza la Buluo.

Sitacheka nikisema Buluo. Mke wake alikuwa anabeba chakula hadi kule mtoto akiwa mgongoni, na mara nyingine alirudishwa nacho. Muuguzi aliyemhudumia mzee alipoulizwa alisema wazi kwamba moyo ulichoka, na kwamba kama si Deo mzee angekufa mapema zaidi. Parke, yaani waendesha mashtaka, wakamwachia. Alitoka amekonda, na kile kinywa chake cha utani kilikuwa kimefungwa. Nilikutana naye njiani nikamtania kidogo, nikamwita mume wangu. Aliangalia kwanza kushoto na kulia kabla ya kunisalimu. Iliniuma sana.

Papa Anselme hakuishia hapo. Alileta ombi kwetu, mahakama ya urithi: Deo atangazwe indigne, atolewe kwenye mirathi, yeye na mke wake na mtoto wahame vile vyumba viwili. Na kama mahakama ikiona kukiri kule ni kukiri kweli, faili irudi parke na Deo arudi Buluo. Hilo ndilo lililokuwa mezani siku ile. Deo hakuwa na wakili. Alikuja na shati moja jeupe na Mama Felisite, na sijui nani alikuwa anamshika mwenzake mkono.

Hakimu wetu alikuwa mwanamke makini aliyehamishiwa Likasi juzijuzi kutoka mbali sana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu vidole, kwa hiyo mimi nilikaa katikati nikitafsiri. Wakili wa Papa Anselme alikuwa kijana mwenye joho jipya na Kifaransa kirefu. Alisema kukiri ni malkia wa ushahidi. Nikatafsiri. Mama Felisite akanigeukia: “Malkia gani tena? Wa fasi gani?” Nikamwambia akae kwanza.

Simu ikawekwa mezani, video ikapigwa. Jaribuni kufikiria: chumba cha mahakama, bendera, hakimu na uso wake wa kazi, na kutoka kwenye kile kisimu kikohozi cha Muzee Kabange mwenyewe, na zile buti. Watu kwenye benchi walianza kutikisika mabega. Askari wa mlangoni aligeuka kutazama ukuta. Mimi nilijiuma ulimi, maana grefie hacheki. Tata Mwepu angefufuka.

“Ni wewe uliyesema maneno haya?” hakimu akauliza.

“Njo mi, Prezida,” Deo akajibu. Prezida ndivyo hakimu anavyoitwa kwetu.

“Ulimuua babu yako?”

“Apana.”

“Basi kwa nini ulisema ulimuua?”

Deo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. “Juu alikuwa amekufwa,” akasema.

Nikatafsiri neno kwa neno, jinsi nilivyofundishwa: kwa sababu alikuwa amekufa. Hakimu aliniangalia akidhani nimeruka sentensi. Sikuwa nimeruka kitu. Ilinilazimu kuomba ruhusa niseme kwamba huo ni utani wa kilioni, naye akamwita Mama Felisite aeleze desturi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa familia.

Mama Felisite alisimama, akafunga vizuri kitenge chake, akaeleza. Hakimu akamuuliza, “Mama, huyu kijana alipojigamba amemuua mume wako, wewe ulifanya nini?”

“Nilicheka. Nilikuwa sijakula tangu bana­niambia muzee amekufwa. Nilicheka, kiisha nikalomba bukari.”

“Hukukasirika?”

“Angekosa kusema vile, njo ningekasirika. Ningesema huyu mutoto hakupenda kambo yake, babu yake mwenyewe.”

Wakili akaruka juu. Desturi ni desturi, akasema, lakini mteja wake ni mtu wa imani, alisikia maneno hayo kwa uchungu na hofu kuu, alielewa pale pale kwamba yuko mbele ya mhalifu. Alisema vizuri sana. Angeishia hapo huenda angetusumbua. Lakini kijana akipata msikilizaji hajui kushuka, akaomba video ipigwe tena ili mahakama isikie ubaridi wa sauti ya muuaji.

Ikapigwa tena. Safari hii hakimu alikuwa ameinama karibu na simu, amefumba macho. Na sote tukasikia kile ambacho mara ya kwanza kilifunikwa na vurugu letu: karibu kabisa na simu, karibu kuliko sauti zote, kulikuwa na mtu anayecheka. Kilikuwa kicheko cha kukata pumzi, kinaenda juu kwa mluzi, kinaanguka, kinaanza upya. Mtu huyo alikuwa hoi.

“Huyu anayecheka hapa ni nani?” hakimu akauliza.

“Haijulikani, Prezida,” wakili akasema haraka. “Ni mmoja wa waombolezaji.”

“Haijulikane?” Mama Felisite alikuwa amekwisha kusimama bila kuitwa. “Miye nilizaa ile kucheka! Ni ya baba yake. Anselme, simama ucheke hapa, Prezida asikie.”

Benchi likavunjika kwa kicheko. Niligonga meza, askari akapaza sauti, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka huku akipaza. Hakimu alingoja mpaka kukatulia. Kisha akamuuliza Papa Anselme ni nani aliyeshika simu siku ile.

Papa Anselme alisimama taratibu. Suti yake ilikuwa nzuri. “Ni mi,” akasema.

“Na anayecheka?”

“Ni mi, Prezida. Mais nilicheka mu mwili tu. Mu roho nilikuwa nalia.”

Nimeandika majibu mengi katika maisha yangu, na hilo nililiandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote.

Hakimu hakutabasamu, lakini kalamu yake ilisimama kidogo. Alitoa uamuzi wake hapohapo. Alisema sheria inataka mtu awe amehukumiwa, na huyu hajahukumiwa. Parke wameona hakuna kosa. Na maneno ya kilioni, ambayo mwana wa marehemu mwenyewe aliyapokea kwa kicheko cha namna ile, si kukiri mbele ya mtu yeyote. Deo anabaki mrithi mahali pa baba yake. Vyumba vinabaki. Deo aliinama akashika magoti yake, akabaki hivyo hivyo, na mke wake kule nyuma akafunika uso kwa kitenge. Nami nilifurahi, nakiri nilifurahi sana, ingawa grefie hana upande.

Tungekwenda nyumbani hapo. Lakini vijana mnaosoma sheria, nisikilizeni: wakili akishindwa na aende akanywe maji. Huyu wetu alisimama na uso mwekundu, akadai kifungu chenyewe kisomwe kwa sauti na kiingie kwenye kumbukumbu ya kikao, kwa kuwa anakata rufaa. Alitaka mstari wa kwanza tu. Hakimu akamjibu kwamba yeye hasomi sheria vipande vipande. Akisoma, anasoma hadi chini.

Basi akasoma hadi chini, nami nikitafsiri kwa nyuma yake. Hastahili kurithi aliyehukumiwa kwa kumuua marehemu kwa kusudi. Hastahili aliyehukumiwa kwa kumsingizia. Hastahili aliyevunja kwa hiari yake undugu na marehemu angali hai. Na hastahili yule ambaye, katika ugonjwa wa mwisho wa marehemu, aliacha kwa makusudi kumtunza, hali sheria au desturi inamtaka amtunze.

Nilipomaliza kutafsiri mstari huo niliinua macho. Wakili alikuwa anatazama karatasi zake kana kwamba zimeandikwa upya. Papa Anselme alikuwa anatazama viatu vyake.

“Mama Grefie,” Mama Felisite akaniambia polepole, “rudilia ule wa mwisho.”

Nikarudia.

“Inasema juu ya nani?”

Si kazi ya grefie kujibu hilo. Hakimu ndiye aliyejibu, kwa upole, na ninawaambia hakuna aliyemlazimisha. Alisema kwamba kama familia inaona kuna mtu wa namna hiyo, familia inaweza kuomba mahakama imchunguze, na ikithibitika, mtu huyo anatolewa kwenye urithi. Akamuuliza Mama Felisite kama ana la kuomba.

Deo alimshika bibi yake kiwiko. “Kambo, wacha,” akanong’ona. “Tuende.”

Mama Felisite akautoa mkono wake. Alimgeukia mwanawe. Kati yao kulikuwa na ile meza yangu tu, na mimi nikatamani ningekuwa nimeketi mahali pengine.

“Anselme. Unasikia? Banasema naweza kukutosha mu parsele.”

Papa Anselme aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake.

“Sikutoshe. Nilikubeba mu tumbo, siwezi kukutosha mu nyumba. Bakia mu parsele ya baba yako, weye na Deo, mugabule muzuri.” Akainua kidogo kitenge chake, tukaona vifundo vya miguu yake vimejaa, ngozi inang’aa. “Mais angalia. Inaanza kuvimba. Kama ya baba yako tu. Deo anarudiaka na buchovu ya Kamatanda, anatiya maji, ananiosha. Yeye ni mujukulu. Weye uko mutoto yangu. Utakuya kuniosha?”

Hakimu, niliyekuwa nimemtafsiria kwa sauti ya chini, akaingilia kwa heshima. “Mama, hilo mahakama haiwezi kuliamuru.”

“Sikuulize weye, mama,” akajibu, naye kwa heshima. “Namuuliza yeye.”

Wakili akainuka nusu. “Mteja wangu anapenda kusema kwamba…”

“Ikala, mutoto.”

Akaketi.

Papa Anselme alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno, na namna alivyozoea, lililokuja ni la Kifaransa, lile la maofisini na la kwenye simu. “Maman,” akasema, “on va voir.” Tutaona.

Mama Felisite alitikisa kichwa kama mtu anayelifahamu neno hilo vizuri, asiyehitaji grefie wa kumtafsiria.

“Njo ile ulimwambiaka baba yako,” akasema. “Alikungojea.”

Akachukua kikapu chake, akamwambia Deo wampitie mke wake, akaanza kutembea kwenda mlangoni, kidogo kidogo, kwa miguu ile. Papa Anselme alikuwa amesimama mahali pale pale. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, mabega yakaanza kutikisika, na safari hii hapakuwa na mtu aliyedhani anacheka. Kisha akavua lile koti la suti, akaliacha kitini, akaenda mbio kumchukulia mama yake kikapu.

Wakili wake alimngojea garini mpaka akachoka. Papa Anselme hakurudi Lubumbashi siku ile.